Abiria wa Jumatatu na Alhamisi

Nilipofikisha miaka hamsini na mbili, nikiwa sijawahi kuendesha chombo chochote chenye magurudumu isipokuwa kiti cha ofisini, niliamua kununua pikipiki. Wenzangu chuoni walidhani nimepatwa na ule ugonjwa wa wanaume wa umri wangu, wanaoanza kuvaa jaketi za ngozi na kupaka nywele rangi. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama nimepata msichana. Nikamwambia ndiyo, nimempata, ana miaka arobaini na tisa, figo zake zimekufa zote mbili, na anakataa kupanda pikipiki ya mtu mwingine.

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, peke yangu, kisha nikaingia darasani kufundisha.

Kwa miaka miwili mke wangu alikuwa akienda kwenye mashine ya kusafisha damu. Kila Jumatatu na Alhamisi anakaa saa nne kwenye kiti cha kulalia, damu yake inatolewa kupitia mkono wa kushoto, inasafishwa, inarudishwa. Kituo kiko upande wa Makindye. Sisi tunakaa Kyebando. Kati yetu na ile damu safi kuna Kampala nzima, na Kampala nzima inaamka saa ile ile tunayoamka sisi. Zamu yake ni saa moja kamili asubuhi. Kwa miaka hiyo miwili alikwenda kwa bodaboda kama kila mtu mwenye haraka katika mji huu, na mimi nilifuata kwa bodaboda nyingine nyuma, nimeshika mfuko wa shuka na chupa ndogo ya maji anayoruhusiwa kunywa kwa siku nzima.

Jumatatu moja dereva aliyempakia aliingia kati ya malori mawili yaliyosimama. Moja halikuwa limesimama. Halikumgusa mke wangu, lakini dereva alipokwepa, yeye alibaki hewani kidogo, halafu akawa chini. Nilifika nikamkuta amekaa kwenye lami, ameukumbatia mkono wa kushoto kifuani kama mtoto mchanga, maana mshipa ulioungwa pale ndio njia yake ya kuishi. Mshipa ulikuwa mzima. Nyonga na bega ndivyo vilivyoumia. Dereva aliinua pikipiki yake, akaikagua taa ya mbele, akaondoka.

"Ameangalia taa," mke wangu alisema. Njia nzima ya kurudi nyumbani alirudia hilo tu. "Taa, baba. Si mimi."

Siku hiyo hakwenda kwenye mashine. Alhamisi tulikodi gari. Gari lilisimama Kamwokya dakika arobaini, likasimama tena mbele zaidi, na tulipofika tulikuwa tumechelewa saa moja na nusu. Akapewa saa mbili tu, kwa sababu mgonjwa wa zamu ya pili alikuwa ameshaketi kwenye benchi, ameshika shuka yake mwenyewe, anatutazama. Nesi mkuu aliniita kando. Ni mwanamke mpole, na upole wake ndio ulioniogopesha.

"Mwalimu," alisema, "maji yanampanda. Yameshafika kwenye mapafu, unasikia anavyopumua? Jumatatu lazima apate saa zake nne zote. Na huko nje nina watu wanaokililia kiti hiki. Akikosa tena au akichelewa, asubuhi hiyo hiyo nampa mwingine, na nafasi nyingine sina."

Jioni hiyo nilijaribu kumshawishi mke wangu apande boda ya mtu tunayemfahamu. Alikuwa ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali hewa inamwishia. Yeye ni wa Goma, na watu wa Goma wanajua kukataa jambo bila kuinua sauti.

"Nitapanda pikipiki ya mtu anayeogopa kuniua," alisema. "Katika mji huu namjua mmoja tu."

"Nani?"

"Bon," alisema, lile neno la Kifaransa la kwao analolitumia akichoka nami. "Na mwalimu mzima unauliza maswali kama hayo."

Ilikuwa Alhamisi saa moja jioni. Nilikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Jirani yetu ni mzee Mnubi. Babu yake aliletwa kutoka Sudani na jeshi la wakoloni, baba yake alikuwa askari, na yeye mwenyewe kwa miaka mingi aliendesha pikipiki za polisi zile zinazotangulia misafara ya wakubwa. Sasa amestaafu, anafuga kuku na kufundisha watu pikipiki kwenye uwanja wa mpira wa shule iliyo nyuma ya nyumba zetu. Kiswahili chake ni cha kambini, nacho kinafaa kwa jambo moja kuliko changu chote: mtu akiambiwa kitu kwa Kiswahili kile, anakifanya.

"Mzee, nataka kununua pikipiki kesho," nilimwambia mlangoni kwake.

"Hapana nunua."

"Nina haraka."

"Wewe najua kuendesha?"

"Baiskeli. Zamani kidogo."

Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akaishia kwenye miwani. "Mtu nanunua pikipiki kabla hajajua, pikipiki nakuwa mkubwa yake. Inamwambia twende huku, yeye naenda. Kwanza jua, halafu nunua. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa uwanja. Vaa viatu ya kufunga kamba."

Nikamweleza habari ya mke wangu na Jumatatu. Akagusa kope ya jicho lake la kushoto. Jicho lile lilikuwa na ukungu mweupe. "Hii ingekuwa nzima, mimi mwenyewe ningempeleka. Barabara yote ningemfungulia. Lakini hii imefunga mlango, na hii ya pili nataka kufuata." Akavuta pumzi. "Siku tatu ni kidogo sana, profesa."

Mimi si profesa. Lakini hapakuwa na muda wa kusahihisha.

Ijumaa nilijifunza kwamba mkono wangu wa kushoto na mguu wangu wa kulia hawajawahi kutambulishwa. Pikipiki ya mzee ilikuwa kuukuu, nyekundu, imefungwa bamba la mwanafunzi nyuma. Niliachia klachi ghafla, ikaruka kama mbuzi, ikazimika. Niliachia polepole, ikazimika. Mara ya tano au ya sita nilisahau kwamba kuna breki, na pikipiki ikanipeleka moja kwa moja mpaka ndani ya goli, tukanasa kwenye wavu pamoja.

Nje ya ua wa shule kuna steji ya bodaboda. Madereva wanane hivi walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria, na walikuwa wametulia kunitazama kama watu walionunua tiketi.

"Goooo!" wakapiga kelele wote.

"Ssebo, bwana, hiyo ni moja bila!"

"Refa, amezidi! Alikuwa ameotea!"

Mzee aliwageukia akatoa amri moja tu, wakanyamaza. Kisha akaja kunitoa kwenye wavu. "Wewe naangalia wapi?" aliniuliza.

"Niliangalia goli ili nisiligonge."

"Ndiyo maana umeligonga. Pikipiki nafuata macho. Kitu unaogopa, usiangalie."

Huo ni ushauri mzuri sana na sijawahi kuufuata maishani. Mimi ni mtu ninayeangalia ninachokiogopa, nikakisomea, nikakiandikia makala. Kuhusu figo nimesoma kiasi cha kumchosha daktari. Mke wangu hajasoma hata ukurasa mmoja. Anasema figo ni zake na hazina jipya la kumwambia.

Mchana wa Ijumaa, kinyume cha amri ya mzee, nilikwenda Kamwokya kutazama pikipiki. Pale sokoni kuna mama wa Kikongo anayeuza mpya na zilizotumika. Amezipanga mbele ya duka lake mpaka zimemeza njia ya watu. Alinisikia nikisalimia kwa Kiswahili cha mke wangu, akajua mara moja nimeoa kwao, akaacha kunibembeleza na kuanza kunikemea kama shemeji. Nilikalia ya kwanza, nikakalia ya pili. Ya tatu ilikuwa imetumika, ya buluu, kiti kimeshonwa upya, na ilikuwa na bei ya mtu kama mimi.

"Niwekee hii," nilimwambia. "Nitarudi."

"Hii ya kufanya nini, shemeji? Mizigo?"

"Ya kumpeleka mke wangu hospitali."

Alifuta tangi kwa kanga yake ingawa lilikuwa safi. "Basi rudi naye," alisema. "Mwenye kukaa nyuma ndiye anajua kiti."

Nikasema nitarudi naye. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka ile ya buluu, na sababu niliyojipa ilikuwa bei.

Jumamosi mzee alileta dumu la maji la lita ishirini, la njano, limejaa mpaka shingoni. Akalifunga juu ya kiti cha nyuma kwa kamba za mpira. Halafu akafungua kifuniko na kukitia mfukoni.

"Kifuniko, mzee."

"Hakuna kifuniko. Hii ndiyo abiria yako. Polisi wote tulijifunza hivi. Zunguka uwanja mara tano, kila mara rudi, mimi napima. Maji haidanganyi. Mtu naweza kukuambia ameumia au hajaumia, maji namwagika tu."

Sijui kama ni kweli polisi wote walijifunza hivyo. Najua tu kwamba mzunguko wa kwanza nilirudi nimelowa kuanzia mgongoni mpaka kwenye soksi. Mzee alichovya fimbo ndani ya dumu, akaitoa, akaonyesha alama ya maji kwa kidole gumba.

"Nusu ya mama imekufa," alisema.

Alisema vile kwa sababu ndivyo anavyowaambia wanafunzi wake wote, nadhani. Nilishuka kwenye pikipiki, nikatafuta mti wa kujificha nyuma yake, hapakuwa na mti, nikasimama tu nimeipa dunia mgongo. Akanifuata. Aliniwekea mkono begani na hakuomba msamaha. Alijaza dumu upya kwenye bomba la shule.

"Profesa!" aliita mmoja kutoka steji. "Asante kwa kutumwagilia nyasi! Jumatatu tuna mechi!"

"Ongeza na upande ule, kumekauka!"

Mzunguko wa tatu ndipo mzee alipogundua kosa langu. Breki zilikuwa sawa, gia zilikuwa sawa kwa kiasi chake. Tatizo ni kwamba kila baada ya mita ishirini nilikuwa nageuka nyuma kuangalia maji yamebaki kiasi gani, na kila nilipogeuka, bega lilivuta usukani, usukani ukavuta gurudumu, na maji yakamwagika. Nilikuwa namwaga maji kwa kuyahurumia.

"Mbele!" mzee alipiga kelele kutoka katikati ya uwanja. "Kaza macho mbele! Nyuma kwako hakuna kitu!"

Jioni ile dumu lilirudi na maji robo tatu kasoro kidogo. Nilikwenda nyumbani nimelowa na nimejaa majivuno. Mke wangu alikuwa kwenye mito yake; miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Alikuwa akitazama ndoo ya maji mlangoni. Kiu ya wagonjwa wa figo haifanani na kiu yetu, na mimi nimeingia natiririka maji kila upande.

"Weye," alisema, akihema kati ya neno na neno, "umeoga na viatu?"

Jumapili alikuja mwenyewe uwanjani. Ni hatua mia mbili hivi kutoka nyumbani, na alipumzika mara nne. Alikuwa amevaa suruali ya kijana wetu aliyehamia mbali, akaikaza kiunoni kwa kitambaa, na kofia ngumu mpya niliyomnunulia ilimfanya aonekane kama rubani aliyestaafu. Madereva wa steji walipomwona walinyamaza bila kuamriwa. Mmoja akavua kofia.

Mzee alimpigia saluti kabisa. Kisha akatoa masharti. Mke wangu asiukunje mkono wa kushoto, asiushikie kitu, aulaze juu ya paja. Wa kulia ashike mkanda wangu. Mimi nizunguke uwanja mara moja, gia ya pili, nisipite hapo.

"Na usiongee naye," mzee aliniambia.

Alipanda. Niliusikia uzito wake ukikaa, mwepesi kuliko lile dumu, na nikajua kwamba si kweli, kwamba yeye ni mzito mara tatu, lakini ndivyo mwili wangu ulivyonieleza. Niliachia klachi vizuri. Tukaenda. Tulipita goli la kwanza, tukapita kona, na nikaanza kufikiri kwamba inawezekana. Tulipofika upande wa pili alikohoa. Ni kikohozi kile cha mapafu yenye maji, nakijua hata nikiwa usingizini, kina sauti kama ya kitu kinachochemka.

Nikageuka.

Hatukuanguka kwa kishindo. Tulilala, kama ng'ombe anavyolala, kwanza upande mmoja kisha upande wote, kwenye nyasi nilizozimwagilia mwenyewe jana yake. Pikipiki ilizimika. Kwa muda nisioweza kuupima sikusikia chochote nyuma yangu, na nilibaki nimelala hivyo hivyo nikitazama jani moja, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka sasa nitaona kile nilichokuwa naogopa.

"Umeangalia nyuma kufanya nini?" sauti yake ilisema. "Nilikuambia nitakuonyesha picha?"

Alikuwa amekaa, mkono wa kushoto kifuani. Mzee alikuja akikimbia kwa miaka yake yote. Madereva wa steji walikuwa wameruka ua. Wanne waliinua pikipiki, hakuna aliyeiangalia taa, na mmoja alipiga magoti mbele ya mke wangu akimwita nyabo, mama, nyabo, umeumia wapi? Hakuumia popote. Alikubali maji ya kusukutua mdomo, akayatema yote, akihesabu kwa macho kama yametoka yote.

"Basi," nilisema. "Nimeshindwa. Kesho nitakodi gari, tutaondoka saa tisa alfajiri, tutalala pale getini."

"Nitalala wapi? Kwenye kiti cha gari?" Alihema. "Usiku huu wenyewe sijui nitaulala vipi. Baba, nisikilize. Unaniogopea sana. Ni vizuri. Lakini unaniogopea kwa shingo. Kesho utaniogopea kwa mikono."

"Na ukikohoa?"

"Nitakohoa. Nikifa, nitaanguka, utasikia pikipiki imekuwa nyepesi. Mpaka hapo, usiniulize kitu, na mimi sisemi kitu."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi kwa lile jicho zima. "Mama ndiye naweza kufundisha," alisema. "Mimi nafuga kuku."

Usiku huo alikaa kitandani ameketi wima, na mimi nilikaa naye, na hilo ndilo la kusema juu ya usiku huo.

Jumatatu tuliondoka saa kumi na moja na nusu, pikipiki ya mzee, bamba jekundu la mwanafunzi likining'inia nyuma. Najua sheria inasema nini kuhusu mwanafunzi kupakia abiria. Niliisoma yote Jumamosi jioni, kama kawaida yangu. Mzee alikuwa amekipindisha kioo cha pembeni ili kinionyeshe barabara na si mtu, na kitu pekee cha mke wangu nilichokiona humo ni ncha ya kiwiko chake cha kulia. Nikakishika kiwiko kile kwa macho mpaka nikakumbuka sitakiwi kukitazama.

Kamwokya ilikuwa tayari imeamka, muziki wa spika mbili tofauti ukigombana juu ya barabara, watu wakigeuza chapati. Nilikwenda polepole mno. Boda zilinipita kushoto, kulia, moja nadhani ilinipita chini. "Mzee, pikipiki inataka kulala!" dereva mmoja aliniambia akipita. Nilitamani kumjibu, lakini meno yangu yalikuwa yamefungana. Nyuma yangu kulikuwa kimya. Alikuwa ameahidi kutosema kitu na alikuwa anatimiza, na sijawahi kumchukia mtu kwa kutimiza ahadi kama nilivyomchukia kati ya Kamwokya na kivuko cha reli. Alikohoa mara mbili. Mikono yangu ilikaza usukani na shingo yangu ikauma kama imefungwa waya, lakini ilikaa. Baada ya kikohozi cha pili hakukohoa tena, na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Kwenye kilima cha kupanda Makindye lori lilisimama mbele yangu, nikasimama, pikipiki ikazimika na kuanza kurudi nyuma. Niliona miguu miwili iliyovimba ikishuka huku na huku na kukita lami. Ni yake. Aliizuia pikipiki kwa miguu ile mpaka nikapata breki. Sikuuliza, naye hakusema. Niliwasha mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikakubali, nikaachia klachi polepole kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote.

Tulifika saa moja kasoro dakika kumi. Askari wa getini alinipungia rungu. "Boda, si hapo! Shusha abiria kule!" Nikamshusha abiria kule. Hapo ndipo niliporuhusiwa kumtazama. Midomo yake ilikuwa ya buluu kidogo, na macho yake yalikuwa wazi, makavu.

"Ningekuwa bado ninakojoa," alisema, "ningejikojolea."

Akaingia ndani akimshika nesi mkono. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro kando ya geti, kofia ngumu magotini, mpaka askari akaniletea chai. Alipata saa zake nne. Kiti kikabaki chake.

Jumatano tulikwenda Kamwokya kununua. Mzee alikuwa ametoa kibali, si kwa maneno; alisema tu kwamba anaihitaji pikipiki yake. Mama wa Kikongo na mke wangu walisalimiana kwa Kiswahili chao, wakaulizana watu na vijiji, wakapata shangazi wanayemjua wote wawili, na kwa robo saa mimi na pikipiki tulikuwa vitu vya aina moja. Kisha mwenye duka akaigeukia biashara. Akavuta mbele ile ya buluu, na kando yake mpya, nyeusi, bado ina nailoni kwenye usukani.

"Hii shemeji aliipenda," alisema. "Sitawadanganya. Itawapa mwaka mmoja, ikizidi sana miwili. Hii mpya mkiitunza itapita miaka kumi. Kwa hiyo niambieni, mnataka pikipiki ya muda gani?"

Ni swali la kawaida la muuzaji. Anawauliza wote.

Nilitazama matairi. Nilitambua, nikiwa nimesimama pale katikati ya watu na matunda, kwamba swali hilo nilikuwa nimeshalijibu Ijumaa, peke yangu, nikiwa nimekalia kiti kilichoshonwa upya. Daktari hakuwahi kututajia miaka. Nilikuwa nimejitajia mwenyewe, kimya kimya, nikaiita bei. Nilitaka kusema "ile nyeusi" haraka, kabla hajaona, na ule uharaka ndio ulionichelewesha.

Mke wangu alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso anaokuwa nao akikuta nimeficha vipande vya sahani niliyovunja.

"Baba," alisema, "weye unaona mimi ni wa mwaka mmoja?"

Mwenye duka akacheka, akidhani ni mzaha wa mume na mke juu ya uzee. Mimi nikaanza kubandua nailoni kwenye usukani wa ile nyeusi.

"Andika hiyo nyeusi," mke wangu alimwambia.

"Vizuri. Kadi niandike jina la shemeji?"

"La kwangu."

"Na huyu?"

"Huyu ni dereva. Bado ninamjaribu."

Mwenye duka alicheka tena mpaka akajishika ubavu, akaita jirani zake wasikie. Akaweka karatasi juu ya kiti cha pikipiki, akampa mke wangu kalamu, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Alitia polepole sana, herufi moja moja, na kalamu ilimtoka mara mbili, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaanza kuvimba, ilikuwa Jumatano, na mashine ni Alhamisi.